Fezi moja ina joto, kontakta inavuma, ovalodi inakata: jinsi ya kufikia chanzo kabla mashine haijasimama

Mwongozo huu ni wa fundi umeme wa kiwandani anayetunza paneli za volti 400 au 415, mota, draivu (vifaa vya kudhibiti kasi ya mota) na kapasita. Nimeupanga kwa dalili kwa sababu matatizo huja hivyo. Hakuna mwendeshaji atakayekupigia simu kukuambia kwamba insulesheni (kihami cha waya) imezeeka. Atakuambia breka imekata tena, au mashine inatoa harufu, au leo ina sauti asiyoizoea. Msikilize. Anakaa na mashine ile zamu nzima, nawe unaipitia mara moja kwa wiki.

Kabla ya dalili yoyote: andika mzigo

Umepima joto la lagi ya kebo (kichwa cha metali kinachominywa kwenye ncha yake) ukapata nyuzi 60 za Selsiasi. Je, ni nzuri au mbaya? Kwa namba hiyo peke yake huwezi kujibu. Ikiwa mota ilikuwa inavuta ampea zake zote zilizoandikwa kwenye kibati, na lagi mbili za jirani zilisoma 58 na 61, endelea na kazi zako. Ikiwa ilikuwa inavuta nusu ya ampea hizo, na za jirani zilisoma 38, lagi hiyo inaharibika.

Kwa hiyo kila kipimo cha joto kiandikwe pamoja na ampea za kila fezi wakati huohuo, joto la hewa ya chumba, na kazi mashine iliyokuwa ikifanya. Nimeona madaftari ya matengenezo yaliyojazwa kwa mwaka mzima kwa mwandiko mzuri, kila Ijumaa namba tatu za joto, na hakuna hata safu moja ya ampea. Kazi ya mwaka mzima, na bado huwezi kulinganisha Ijumaa moja na nyingine, kwa sababu hujui siku ile kinu kilikuwa kinasaga au kilikuwa kinazunguka kitupu.

Ulinganisho unaofaa ni wa aina mbili: kifaa na ndugu zake (fezi tatu za mota moja, au mota mbili pacha zinazofanya kazi ileile), na kifaa na historia yake mwenyewe chini ya mzigo uleule. Karibu kila utambuzi ulio hapa chini unasimama juu ya mojawapo ya hizo mbili.

Kuhusu vifaa: mita ya klempu iwe inayosoma RMS halisi (thamani ya kweli ya mkondo hata wimbi lake likivurugika), maana za bei nafuu hudanganya palipo na draivu. Kamera ya joto, mita ya insulesheni ya volti 500, na spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza). Ukiwa na hivyo unaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi hii.

Usalama nauweka hapa juu makusudi. Kufungua mlango wa paneli yenye umeme ni kazi ya hatari hata kama hugusi chochote, kwa kuwa arki (mlipuko wa cheche za umeme) ikitokea humuunguza aliyesimama mbele yake. Vaa nguo za kazi zisizoshika moto, kinga ya uso na glavu, acha nailoni nyumbani, na usiwe peke yako. Unapozima ili kurekebisha, weka kufuli lako na lebo yako, kisha pima kwa utaratibu huu: mita kwenye sehemu unayojua ina umeme, halafu kwenye sehemu unayotaka kushika, halafu rudi tena kwenye ile yenye umeme. Mita iliyokufa nayo husoma sifuri.

Dalili: fezi moja ina joto kuliko nyingine

Hii ndiyo dalili inayolipa zaidi kuifuatilia, na ndiyo inayorekebishwa vibaya zaidi.

Anza kwa kuangalia joto limekaaje. Picha ya kamera ikionyesha joto kali kwenye lagi au skrubu, nalo linapungua kadiri unavyofuata kebo, tatizo lipo kwenye kiungo hicho. Kebo ikiwa na joto sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho, kiungo hakina kosa: fezi hiyo inabeba mkondo mwingi kuliko wenzake, au kebo ni nyembamba, au imebanwa na kebo nyingine nyingi kwenye trei moja. Fezi zote tatu zikiwa na joto la juu lakini linalolingana, tafuta mzigo uliozidi au paneli isiyopumua. Na joto likiwa ndani ya mwili wa breka yenyewe, huku skrubu za juu na chini zikiwa baridi kuliko katikati, kontakti za ndani (nyuso zinazogusana kupitisha umeme) zimechakaa. Hapo hakuna skrubu ya kukaza, breka inabadilishwa.

Kabla hujaiamini kamera, ondoa udanganyifu wa aina mbili. Shaba inayong'aa hutoa mionzi kidogo sana ya joto, hivyo kamera husoma chini kuliko hali halisi. Wakati paneli imezimwa, bandika kipande cha tepu nyeusi ya umeme kwenye kila basiba (upau unaogawa umeme ndani ya paneli) na kila lagi, halafu upimie hapo siku zote. Udanganyifu wa pili ni mwangwi wa joto: bati linalong'aa huonyesha joto la mwili wako. Sogea hatua moja pembeni. Doa likisogea nawe, si la paneli.

Sasa tofauti kiasi gani ni tatizo? Kipimo kinachotumika sana ni cha NETA, chama cha wapimaji wa umeme cha Marekani, kinacholinganisha vifaa vya aina moja vyenye mzigo mmoja. Tofauti ya nyuzi 1 hadi 3 ni ya kuangaliwa, 4 hadi 15 kuna uwezekano mkubwa wa kasoro, na zaidi ya 15 rekebisha mara moja. Lakini rudi kwenye mzigo. Joto linalozalishwa kwenye kiungo hupanda kwa kipeo cha pili cha mkondo. Kiungo kilichozidi wenzake kwa nyuzi 10 mota ikivuta nusu ya ampea zake, kikipewa mzigo wote kitazalisha joto karibu mara nne. Ndiyo maana kupiga picha saa ya chakula cha mchana, mashine zikiwa tupu, ni kupoteza muda.

Ukitaka uthibitisho wa namba, pima volti zinazopotea kwenye kiungo mzigo ukiwepo: ncha moja ya mita kwenye shaba ya lagi, nyingine kwenye kipande cha basiba kilicho jirani, mita ikiwa kwenye milivolti na iwe ya daraja linaloruhusiwa kwenye paneli za viwandani. Rudia kwa fezi zote tatu. Tuseme mota inavuta ampea 60. Fezi mbili zinapoteza milivolti 5 kila moja na ya tatu inapoteza 60. Zidisha: fezi nzuri zinachoma wati 0.3 kwenye kiungo, mbaya inachoma wati 3.6. Wati hizo zote zinaishia kwenye kipande cha chuma kidogo kuliko kidole gumba, saa zote za zamu.

Urekebishaji ndipo wengi tunapoharakisha. Mtu anazima, anakaza skrubu, anawasha, anaondoka. Kwenye kinu kimoja cha mahindi nilikuta lagi ya fezi ya njano, upande wa kutokea wa breka ya mota ya kilowati 37, imebadilika rangi hadi buluu-kahawia, na plastiki ya kebo imekuwa ngumu na kupasuka kwa kadiri ya sentimita nne kutoka kwenye lagi. Kichwa cha bolti kilikuwa kimeliwa pembe kwa kukazwa mara nyingi. Bolti haikuwa na kosa lolote. Lagi ilipigwa muhuri wa 50, kebo ilikuwa ya milimita 35 za mraba. Nyuzi za shaba zilikuwa zinacheza ndani ya lagi, na hakuna spana ambayo ingeweza kufika huko.

Kwa hiyo fungua kiungo chote. Hakikisha lagi inalingana na kebo, na imeminywa kwa koleo la saizi yake badala ya nyundo. Kama kebo ni ya alumini na basiba ni ya shaba, lagi iwe ya metali mbili, la sivyo unyevu utaila. Kata kebo hadi ufikie shaba inayong'aa na plastiki laini. Badilisha washa ya bolti iliyopoteza ukakamavu. Kaza kwa spana ya toki kwa kipimo cha mtengenezaji, maana kukaza kupita kiasi huponda nyuzi na kunyoosha bolti, nayo hulegea tena baada ya miezi michache ya kupashwa na kupoa. Kisha subiri mashine irudi kwenye mzigo uleule na upige picha ya pili. Bila picha hiyo huna ushahidi kwamba umerekebisha kitu.

Dalili: ampea za fezi tatu hazilingani

Pima volti kwanza, kati ya fezi na fezi, kwenye miguu ya mota au kwenye kontakta (swichi ya sumaku inayowasha mota), mota ikiwa kazini. Tuseme umepata 412, 405 na 389. Wastani ni 402. Iliyo mbali zaidi na wastani ni 389, imepungua 13. Gawa 13 kwa 402 upate asilimia 3.2. Hiyo ndiyo hali ya kutolingana kwa volti.

Asilimia 3 inasikika ndogo. Lakini NEMA, chama cha watengenezaji wa vifaa vya umeme cha Marekani, inataka mota iendeshwe kwenye asilimia 1 au chini yake, na inakataza kabisa kuiendesha ikizidi 5. Sababu ni mbili. Ampea hupishana kwa asilimia kubwa mara kadhaa kuliko volti, takriban mara 6 hadi 10. Na joto la ziada la mota hukadiriwa kwa kuzidisha asilimia hiyo kwa yenyewe, kisha mara mbili: 3.2 inakupa ongezeko la karibu asilimia 21. Mota iliyokuwa inapanda nyuzi 80 juu ya joto la chumba sasa itapanda karibu 97. Kanuni ya kukadiria tunayoitumia ni kwamba kila nyuzi 10 za ziada hupunguza maisha ya insulesheni kwa nusu. Hesabu iliyobaki fanya mwenyewe, ukiwa na bei ya kusuka upya mota hiyo mkononi.

Volti zikilingana na ampea bado hazilingani, zungusha kebo. Zima, funga kwa kufuli, kisha hamisha waya zote tatu nafasi moja kuelekea upande mmoja: nyekundu iende ilipokuwa njano, njano ilipokuwa buluu, buluu ilipokuwa nyekundu. Mota itaendelea kuzunguka upande uleule. Washa, pima tena. Ampea kubwa ikibaki kwenye rangi ileile ya fezi, tatizo linatoka nyuma: kwenye usambazaji, fyuzi, breka au kontakta. Ikihama pamoja na mguu wa mota, koili za mota zina kasoro. Rudia mara ya tatu ikiwa bado una shaka. Kwa mota inayoanzishwa kwa nyota-delta (koili huunganishwa kwanza kama nyota, kisha kama delta, ili ianze kwa mkondo mdogo), zungusha kwenye waya zinazoingia kwenye staata, ukijua kwamba staata nayo sasa imehesabiwa upande wa mota.

Tatizo likiwa nyuma, angalia kwanza ndani ya uzio wa kiwanda kabla ya kulilaumu shirika la umeme. Mashine za kuchomelea, viyoyozi na taa za ghala hupenda kurundikwa kwenye fezi moja, ile iliyokuwa karibu siku ya kufunga. Pima ampea za kila fezi kwenye breka kuu, asubuhi, mchana na usiku. Zikipishana sana, gawa upya mizigo ya fezi moja. Zikilingana, na volti bado zinapishana hata mizigo mikubwa ikiwa imezimwa, hapo sasa una karatasi ya kupeleka kwenye ofisi ya umeme, na karatasi yenye saa na namba husikilizwa kuliko malalamiko ya mdomo.

Dalili: ovalodi inakata na hakuna kilichoonekana

Swali la kwanza: ilipokata, mota ilikuwa inavuta ampea ngapi? Kama hujui, weka mita ya klempu yenye kumbukumbu ya kiwango cha juu kwenye fezi moja, uiache.

Ampea zikiwa juu ya kibati, rilei ya ovalodi (kifaa kinachokata umeme wa mota iliyozidiwa) inafanya kazi yake. Tafuta mzigo: beringi nzito, mkanda uliokazwa kupita kiasi, pampu inayosukuma kitu kizito kuliko maji, ungo wa kinu ulioziba. Au tafuta volti ya chini, kwa kuwa mota yenye mzigo uleule huvuta ampea zaidi volti ikishuka. Au kuanzishwa mara nyingi mno kwa saa moja.

Ampea zikiwa chini ya kibati na bado inakata, fikiria joto lisilotokana na mzigo. Rilei ya kawaida hukata kwa vipande vya metali mbili vinavyopinda vikipata joto, na havijui joto limetoka wapi. Skrubu iliyolegea kwenye mguu wa rilei inatosha kuvipinda. Paneli iliyowekwa juani ukutani nayo inatosha. Piga picha ya joto ya rilei yenyewe kabla ya kugusa kitufe cha kuiweka upya.

Naomba tusizoee kupandisha seti ya rilei kidogo ili isikate. Mota nyingi zinazoletwa kusukwa upya zimepitia mkono huo.

Kwenye nyota-delta kuna kosa la kinyume, ambalo halikati kamwe na kwa hiyo halilalamikiwi. Rilei ikiwa ndani ya mzunguko wa delta, inapitiwa na asilimia 58 tu ya ampea za kibati. Mota ya ampea 67 iwekwe karibu 39. Nimekuta rilei za namna hiyo zimewekwa 67 kamili, yaani mota haina ulinzi wowote wa mzigo. Pita kwenye paneli zako zote za nyota-delta, angalia rilei imefungwa wapi, na uhesabu.

Dalili: kontakta inavuma au inapigapiga

Kuvuma kwa mfululizo na kupigapiga kuna vyanzo tofauti, kwa hiyo sikiliza vizuri.

Ikivuma mfululizo, sumaku haifungi sawasawa. Fungua uangalie nyuso za chuma: vumbi la unga au saruji lililogandamana, kutu, au kipande cha plastiki. Angalia pia pete ndogo ya shaba iliyozamishwa kwenye uso wa chuma. Kazi yake ni kuishikilia sumaku wakati mkondo wa AC unapopita kwenye sifuri, na ikipasuka kontakta hunguruma hata ikiwa safi. Pete iliyopasuka haichomelewi, badilisha kontakta.

Ikipigapiga, yaani inashika na kuachia, pima volti kwenye miguu ya koili wakati wa kushika, siyo baadaye. Kontakta inatakiwa kushika ikipata asilimia 85 hadi 110 ya volti za koili. Transfoma ndogo ya kontroli iliyozidiwa huangusha volti pale kontakta kubwa inapovuta. Swichi ya kikomo inayotikisika kwenye mashine hufanya hivyohivyo. Kila kupigapiga ni arki kwenye kontakti kuu, kwa hiyo kontakta ya aina hii isiachwe hadi mwisho wa wiki.

Jambo moja la huku kwetu. Koili zenye maandishi ya volti 220 ni nyingi madukani, na Kenya volti za kawaida ni 240. Asilimia 110 ya 220 ni 242. Usiku viwanda vya jirani vinapofunga na volti zinapanda hadi 248, koili hiyo imeshapita kikomo na inapikika taratibu. Ukiona koili za paneli moja zinaungua kila mara, soma maandishi yake kabla ya kununua nyingine za aina ileile.

Na kontakti zilizoingia weusi usizipige tupa. Weusi huo kwenye aloi ya fedha ni wa kawaida. Tupa inaondoa fedha yenyewe. Badilisha pale aloi inapokuwa nyembamba, au fezi moja imeliwa zaidi ya wenzake.

Dalili: mita ya insulesheni inasoma chini kuliko zamani

Kwa viwanda vya pwani, Tanga, Dar es Salaam, Mombasa, hili ni la kila mwaka. Mota iliyosimama wiki mbili za masika hunyonya unyevu, na chumvi ya hewani hufanya unyevu huo upitishe umeme vizuri zaidi.

Pima hivi: zima na ufunge kwa kufuli, ondoa draivu, kapasita na kila kifaa cha elektroniki kwenye mzunguko, weka volti 500 za DC kati ya koili na mwili wa mota kwa dakika 1 kamili, soma, kisha toa chaji iliyobaki kwenye koili kabla ya kushika. Andika joto la mota. Ukinzani wa insulesheni hupungua kwa takriban nusu kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka, hivyo mota iliyosoma megaohmu 80 ikiwa na nyuzi 30 na leo inasoma 40 ikiwa na nyuzi 40 haijabadilika hata kidogo. Geuza kila kipimo kwenda nyuzi 40 ndipo ulinganishe. Kiwango cha chini kinachokubalika kwa mota za chini ya volti 1,000, kwa mujibu wa IEEE 43, kiwango cha kimataifa cha kupima insulesheni ya mota, ni megaohmu 5 kwenye nyuzi 40. Mota nzuri iliyo kavu husoma mamia. Iliyoshuka kutoka 600 hadi 200 hadi 60 ndani ya miezi michache imeshakuambia inakoelekea, ingawa 60 ni zaidi ya 5 kwa mbali.

Kisha tenganisha. Fungua kebo kwenye kisanduku cha mota, pima mota peke yake na kebo peke yake. Mara nyingi mkosaji ni maji kwenye kisanduku cha kuunganishia, kwa sababu glandi (kibano kinachoziba mahali kebo inapoingia) haikukazwa au kifuniko kimewekwa bila mpira wake. Unakausha, unabadilisha mpira, na unaokoa gharama ya kuishusha mota.

Kama ni mota, tofautisha unyevu na uchafu na uzee. Kwa mota kubwa, soma kwenye dakika 1 na dakika 10, gawa ya pili kwa ya kwanza. Kwa insulesheni ya daraja B, F au H tunataka 2 au zaidi. Ikikaa karibu na 1, kuna unyevu au uchafu. Kausha kwa joto la wastani, pima tena. Ikipanda ikabaki juu, ilikuwa maji. Funga kipasha joto cha kuwashwa mota inaposimama. Ikipanda kisha ikashuka ndani ya siku chache, koili zina uchafu unaonyonya unyevu, na zinahitaji kuoshwa, kukaushwa na kupigwa vanishi. Isipopanda kabisa, panga kuisuka upya wakati unaochagua wewe.

Kikomo cha mita hii kijulikane. Inapima kati ya koili na mwili. Haioni nyuzi mbili za koili moja zilizogusana, na mota za namna hiyo husoma megaohmu nzuri hadi siku zinapoungua. Hizo hushikwa kwa kulinganisha ukinzani wa koili tatu kwa mita ya miliohmu, au kwa kifaa cha kupiga mawimbi ya volti.

Dalili: mota inatetemeka au ina sauti mpya

Jaribio la haraka: mota ikiwa kwenye kasi na mzigo wake, kata umeme na usikilize sekunde ile ile. Mtetemo ukitoweka papo hapo, chanzo ni cha umeme. Ukipungua polepole pamoja na kasi, ni cha kimakanika: mpangilio wa shafti, mizani, beringi.

Cha umeme mara nyingi ni volti zisizolingana, na umeshaona jinsi ya kuzipima. Kingine ni fito za rota (sehemu ya ndani inayozunguka) zilizovunjika, hasa kwenye mota zinazoanzishwa mara nyingi na mzigo mzito. Dalili yake ni sindano ya ampea inayoyumba polepole, juu chini, mzigo ukiwa haubadiliki. Ukiwa na kifaa cha kuchanganua masafa, mota ya mizunguko 1,500 inayozunguka 1,470 ina mtelezo wa asilimia 2, na fito zilizovunjika zitaonekana kama vilele viwili pembeni ya hezi 50, kwenye 48 na 52. Pima mzigo ukiwepo. Mota ikiwa tupu vilele hivyo hujificha ndani ya kile cha 50.

Mota inayoendeshwa na draivu ikiwa inaua beringi mara kwa mara, pasua moja uangalie njia ya gololi. Mistari iliyopangana kama ubao wa kufulia ni alama ya umeme unaopita kwenye shafti. Grisi nyingine haitasaidia. Unahitaji brashi ya kutuliza shafti au beringi yenye insulesheni, na kebo yenye skrini iliyofungwa ardhini vizuri pande zote mbili.

Dalili: draivu inakata kwa joto au kwa volti za ndani

Anza na feni na vichujio, kwa kuwa vumbi ndilo linaloua draivu nyingi katika mazingira yetu. Kisha soma volti za DC za ndani kwenye skrini ya draivu: ni takriban volti za fezi kwa fezi mara 1.41, yaani karibu 585 kwa umeme wa 415. Draivu ikilalamika volti za juu mashine inapopungua kasi, ongeza muda wa kusimama au angalia rezista ya breki. Volti za DC zikiyumba sana mzigo unapopanda, huku umeme unaoingia ukiwa mzuri kwenye fezi zote, kapasita za ndani zimechoka. Na draivu ya akiba iliyokaa stoo zaidi ya mwaka isiwekwe kwenye umeme mzima ghafla. Kapasita zake ziamshwe kwa volti za kupanda taratibu, kama mtengenezaji anavyoelekeza.

Dalili: bili imepanda, benki ya kapasita ipo

Benki hiyo ni kundi la kapasita linalopunguza mkondo usiofanya kazi, ambao hupandisha bili. Pima ampea za kila hatua ya benki. Kapasita ya kVAr 25 (kipimo cha uwezo wake) kwenye volti 415 inatakiwa kuvuta karibu ampea 35. Ikivuta 24, imepoteza uwezo. Fezi moja ikiwa baridi kabisa kwenye kamera, fyuzi yake imekatika. Ikivuta zaidi ya 35 kwa mbali, draivu zako zinaingiza masafa ya juu kwenye mfumo na kapasita inayameza. Kuongeza kapasita nyingine hapo ni kuongeza moto, unahitaji riakta za kuzuia masafa hayo. Baada ya kuzima, subiri dakika ambazo mtengenezaji ameandika, kisha pima kabla ya kugusa.

Upime mara ngapi

Mwaka 1978 Stanley Nowlan na Howard Heap wa United Airlines walionyesha kwamba asilimia 89 ya vifaa vya ndege walivyochunguza havikuwa na umri maalumu wa kuchakaa ambao ungehalalisha kuvibadilisha kwa kalenda. Ndege si kinu cha mahindi, lakini hoja inashika hata kwetu: kubadilisha kontakta nzima kila Desemba hakukulindi na lagi iliyominywa vibaya Machi.

Muda kati ya vipimo utokane na kasi ya tatizo. Kiungo kinacholegea huchukua wiki au miezi, hivyo picha ya joto kila mwezi kwa paneli kuu na kila miezi mitatu kwa ndogo ni mwanzo mzuri, pamoja na picha moja ya ziada wiki moja baada ya kila kazi iliyofungua kiungo. Insulesheni ya mota za pwani ipimwe kabla na baada ya masika, na kila mota iliyosimama zaidi ya wiki ipimwe kabla ya kuwashwa. Ukiona kitu kimeanza kubadilika, fupisha muda huo kwa kifaa hicho peke yake: kutoka mwezi hadi wiki, kutoka wiki hadi kila zamu, hadi siku uliyopanga kukizima.

Fedha ikipatikana ya vipimaji vya kudumu vya ampea na joto, visigawanywe kimoja kimoja kila mahali. Viweke vyote kwenye mota ile ambayo ikisimama laini nzima inasimama na ya akiba haipo stoo. Kila kiwanda kina moja au mbili za namna hiyo, na mwendeshaji wa zamu ya usiku anaweza kukutajia bila kufikiri.